Neno Ambalo Mama Yako Hakulisema

Tunduma, Jumamosi alasiri

Mwanangu Yusta,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona mwenyewe mzima wa afya, umelikalia begi ili zipu ikubali kufunga. Mimi nami ni mzima, kwa kiasi cha mtu anayeiogopa kesho. Habari za blanketi, za sabuni, za kutokupokea soda kwa mtu usiyemjua ndani ya basi, hizo najua shangazi yako Eda anakumalizia huko Hasamba ulikokwenda kumuaga, naye akianza hana breki. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa miaka mitatu.

Katika ile insha yako ya kuombea ufadhili kuna sentensi moja ambayo si ya mama yako. Ni yangu. Umeambiwa kwamba wiki ijayo utasimama mbele ya wafadhili na wanafunzi wenzako wa uuguzi uisome kwa sauti. Ukiisoma ilivyo utakuwa umemwekea marehemu maneno mdomoni, na hutajua, kwa sababu aliyekupa maneno hayo ni baba yako, na mtoto hamkagui baba yake. Tangu ulipotoka nimeshachana karatasi mbili. Hii ya tatu nitaimaliza.

Siku uliponiletea insha hiyo ulisema, "Baba, nisomee, uone kama nimekosea." Nikaisoma mara nne. Nikakuwekea mkato hapa, nukta pale, nikakurudishia na kukuambia imekaa vizuri. Ulifurahi sana. Mimi nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya choo kama mtoto aliyevunja chungu.

Acha nikwambie nilichokiona mle ndani. Umeanza na miguu. "Miguu ya mama yangu ilivimba hata kandambili zake zikabaki mlangoni bila kazi." Halafu ukamleta daktari bingwa, akasema moyo umetanuka. Halafu ukajileta wewe mwenyewe, binti wa kidato cha nne, uko bwenini Vwawa, hujui lolote. Halafu mama yako akatamka neno lake, ukaweka nukta, ukaanza aya mpya, ili msomaji apate nafasi ya kufuta macho. Hakuna mwalimu aliyekufundisha hayo, mwanangu. Umerithi. Kuanzia miguuni ni ufundi wangu. Nilianza nao mimi, kwenye karatasi ya maombi iliyosomwa kanisani, kwa sababu ukimwambia mtu habari za moyo uliotanuka hauoni, lakini miguu kila mtu anayo, na kila mtu ataitazama ya kwake.

Na huyo daktari bingwa hakuwepo. Alikuwa tabibu, kijana mpole mwenye sweta, aliyempima mama yako kwa utulivu na kutuambia ukweli kwa Kiswahili chepesi. Mimi ndiye niliyempandisha cheo. Neno "tabibu" niliona jepesi mno kwa barua niliyotaka iwainue watu kwenye viti.

Unaijua kazi yangu: meza, mwavuli na kalamu karibu na mpaka, nikiwajazia fomu wenye mahindi na mchele wanaovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Katika kazi ile nilijifunza mapema kwamba ofisa hasomi fomu, anatafuta mahali pa kusema ndiyo. Ukimwonyesha mahali hapo, anasema. Kanisani nako wakanifanya katibu kwa sababu ya mwandiko. Nikawa mtu wa matangazo, wa maombi ya wagonjwa, na wa wasifu wa marehemu. Marehemu wote niliowaandikia hapa Tunduma walikuwa wacheshi, wakarimu, wapenda watu, hata mzee mmoja aliyekuwa akiwarushia kuku wa jirani mawe kila asubuhi. Watu walikuwa wakiniambia, "Baba Yusta, ukiandika wewe hata asiyemjua marehemu analia." Nilikuwa navimba kichwa. Nakiri. Nilikuwa napenda kusimama pale mbele na kusikia kimya cha watu kinavyobadilika nikifika kwenye mstari niliouandaa.

Basi mama yako alipougua, nilimshika kama nilivyowashika wengine wote. Nilimwandika.

Karatasi ya kwanza ya maombi niliiandika usiku mmoja bila kumwonyesha. Niliandika kwamba dada yetu katika Bwana hawezi kuvaa viatu, hawezi kulala chali, anakesha ameketi kwa sababu akilala pumzi inamkataa. Hayo yalikuwa kweli. Nikaona hayatoshi. Nikaongeza kwamba haendi chooni ila kwa kushikwa huku na huku, na kwamba siku nyingine hawahi. Hayo nayo yalikuwa kweli, lakini yalikuwa ya kwake.

Kanisa unalijua lilipo, kando ya foleni ya malori, na spika yake ya nje unaijua. Sikufikiria. Nilisoma kila neno, watu wakaguna kwa huruma, mama mmoja mfanyabiashara kutoka ng'ambo akapiga kelele "Mayo!", yaani mama yangu kwa lugha ya kwao, na kushika kichwa. Niliporudi nyumbani nilimkuta mama yako ameegemea mito, uso umeelekea ukutani.

"Baba Yusta," akasema, "sasa hata wenye malori kwenye foleni wanajua naendaje chooni."

Nikacheka, nikidhani anatania. Alikuwa mtu wa utani, unamkumbuka. Hakuwa anatania. Nikaanza kumweleza kwamba watu hawaombi kwa bidii mpaka waguswe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniomba nimpe maji. Siku ile hakuniambia neno jingine. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ningeliona siku ileile pengine mengine yasingefuata.

Watu waliguswa kweli. Walikuja na unga, na sala, na nyimbo. Na zile wiki mama yako akapata nafuu. Ile hali ya nafuu unaikumbuka, maana uliporudi likizo fupi ulimkuta amekaa uani anachambua mchele wa kwao Msangano, miguu imenywea, kandambili zimemwingia. Ulimkumbatia mpaka ungo ukamwagika. Mimi nilikuwa mlangoni nawatazama, na mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta kalamu.

Niliandika ushuhuda. Niliandika kwamba yule tuliyemlilia ameinuliwa kitandani, kwamba daktari bingwa alikata tamaa lakini Mungu hakukata. Safari hii nilimsomea kwanza, maana nilikuwa nimejifunza kidogo. Akauliza, "Vidonge mbona hujaviandika?"

Vidonge vilikuwa vya kutoa maji mwilini. Yule tabibu alimwanzishia, na ndivyo vilivyoipunguza miguu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, "Anayetumia vidonge ni Mungu."

"Basi mwandike Mungu na vidonge vyake."

Sikuviandika. Vidonge vingeniharibia mstari. Ushuhuda wenye vidonge ndani yake haupigiwi vigelegele, mwanangu. Watu wanasema "ahaa" na kukaa. Nilimpeleka mama yako mbele, nikasoma, naye akasimama pale na kitenge chake cha kijani akitazama chini. Vigelegele vilichukua muda mrefu. Mchungaji alilia. Mimi nililia, na nililia kweli. Usidhani mtu anayetumia machozi hana ya kwake.

Baada ya siku ile mama yako alianza kumeza vidonge kwa kificho. Alivihamishia kwenye kopo la chumvi, juu ya kabati. Wageni wakija kumwona yule aliyeponywa, anatabasamu, anasubiri watoke, ndipo anameza, kama mtu anayekunywa pombe ya wizi. Mimi nilikuwa najua. Nilijifanya sijui, maana kujua kungenilazimu niseme lolote. Vilipokaribia kwisha hakuniambia. Baadaye kabisa, pumzi imeshabana tena, nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema, "Ungeonekana dirisha la dawa Vwawa wiki moja baada ya ushuhuda. Sikutaka kukutia aibu."

Sijui kama vidonge vile vingemfikisha mbali. Nilimuuliza tabibu baada ya msiba, akanitazama kwa huruma akasema moyo ulikuwa umechoka sana. Huenda ni kweli, huenda alinionea huruma. Hilo nimeliacha kwa Mungu kwa sababu sina pengine pa kuliweka.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kuliacha kwa Mungu, maana lilikuwa mikononi mwangu peke yangu.

Alhamisi ile hali ilibadilika. Shangazi yako Eda alikuwa amekuja kutusaidia. Mama yako alikuwa amekaa kitandani, midomo imekuwa na rangi ya majivu, akaniita kwa mkono. Akasema, "Mwite Yusta."

Nikamwambia, "Kesho."

Unapajua Vwawa palivyo karibu. Hata malori yakijaa barabarani, ni safari ya kwenda na kurudi kabla chakula cha jioni hakijaiva. Namba ya matroni wenu nilikuwa nayo. Nilichokuwa sina ni namna ya kukuita bila watu kujua. Ukitolewa bwenini katikati ya wiki, mtaa wote utauliza kuna nini, na jibu lingekuwa kwamba yule aliyeinuliwa ameanguka. Ningesimama vipi tena pale mbele? Nikajiambia nafuu itarudi, kama ilivyorudi mara ya kwanza. Nikajiambia kesho.

Ijumaa akaniuliza, "Umemwita?"

Nikasema una mtihani. Mtihani wenu wa moko, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, ulikuwa unaanza Jumatatu. Siku ile ya Ijumaa hukuwa na mtihani wowote, na mimi nilikuwa na ratiba yenu, uliyoinakili kwa mkono wako mwenyewe ukaibandika ukutani. Mama yako alikuwa ameielekea ratiba ile alipokuwa ananisikiliza. Hakunibishia. Akasema tu, kwa pumzi mojamoja, "Mwite, Baba Yusta. Atafanya mwingine."

Jumamosi alimwomba Eda amgeuze aelekee mlangoni. Jioni ile Eda alinifuata uani, akaniambia, "Kaka, mtoto anaitwa kwa jina tangu juzi. Ukishindwa wewe nitapiga mimi." Nikamkaripia. Nilimwambia hii ni nyumba yangu na huyo ni mtoto wangu. Eda ni mdogo wangu, alinyamaza, na hajajisamehe kunyamaza kwake mpaka leo.

Jumapili nilikwenda kanisani. Nilikwenda ili watu wasiniulize kwa nini sikwenda. Nilikuwa mbele nasoma matangazo simu ilipoanza kutetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nikaendelea kusoma. Kulikuwa na tangazo la kwaya ya vijana na tangazo la mbegu za mahindi. Niliyasoma yote mawili.

Kwa hiyo neno la mwisho la mama yako sikulisikia mimi. Alilisikia Eda. Nitalileta, nimalizie kwanza lililo langu.

Mjomba wako ndiye aliyekufuata shuleni mchana ule. Ulishuka kwenye gari ukiwa na sare, watu wamejaa uani, na hukulia mara moja kama watu walivyotegemea. Ulikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa, ukasimama, ukauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa waliokuwa wanachinja mbuzi: "Baba, kwa nini hamkuniita?"

Yusta, nimeishi na swali lile kuliko nilivyoishi na msiba wenyewe. Wazee wote wakanitazama. Mchungaji akanitazama. Mjomba wako alikuwa ameshaninong'oneza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeumbuka tayari, nimebaki na nguo moja. Nikaishika hiyo nguo. Nikasema, "Mama yako alikataa."

Ukanyamaza. Nikaona imeshika. Na mimi jambo likishika najua cha kufanya: naliongezea. Usiku ule nikaandika wasifu wa mama yako, na kesho yake nikausoma mbele ya jeneza: "Hata alipozidiwa, marehemu alikataa bintiye aitwe. Alisema, mwacheni mwanangu afanye mtihani wake kwanza, mimi nitamsubiri." Uwanja mzima ulilia. Ulilia na wewe. Na hukuuliza tena, si siku ile tu, hukuuliza tena kabisa. Sentensi ile ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Ilimfanya mama yako shujaa, wewe ikakupa sababu ya kusoma, na mimi ikanitoa kizimbani bila shahidi hata mmoja kusimama. Eda alikuwepo. Alinitazama kutoka upande wa pili wa kaburi, akafunga kanga yake kichwani, akaondoka kabla ya chakula.

Nilidhani ingeishia makaburini. Maneno ya msibani huwa yanaishia pale, watu wanakula wali wanarudi makwao. Lakini wewe uliondoka nayo. Ulirudi kufanya mitihani ya moko iliyobaki mama yako akiwa na siku chache kaburini, kwa sababu "alisema." Ulikesha na vitabu kwa sababu "alisema." Nilikuwa nakuletea chai na kukuona umeinamia vitabu kwa tochi ya simu, nikasema moyoni, Mungu ameugeuza uongo wangu kuwa baraka. Mtu akitaka kujisamehe hakosi andiko.

Mwaka jana bibi yako kule Msangano aliugua, akatuma ujumbe anataka kukuona. Ulikuwa unajiandaa na mitihani ya kidato cha sita. Ulinijibu, nawe huna hata kinyongo, "Bibi ataelewa baba. Mama mwenyewe alikataa niache masomo, na alikuwa anakufa." Bibi alipona, nashukuru. Lakini mimi siku ile sikupata usingizi. Nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako, tena ukiwa umenyooka kabisa, kama mtu anayesema amri ya Mungu.

Na sasa unakwenda kuwa muuguzi. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza. Nimekuwaza umevaa sare nyeupe, umesimama kando ya kitanda cha mama wa watu, naye anasema mwiteni mwanangu. Nawe kichwani unaye mama aliyekataa kuita. Utamwona huyu anayeita ni dhaifu. Utamwambia atulie, mtoto ana kazi zake. Hutamwambia kwa ukatili, wewe huna ukatili. Utamwambia kwa upole, na kwa kumheshimu mama yako. Watu wangapi watageuzwa waelekee mlangoni kwa sababu ya sentensi niliyoitunga mimi ili niweze kuinua uso mbele ya wageni wa msiba?

Nisijifanye mwema. Kuna sababu nyingine na ni ya woga. Asubuhi, ulipokuwa unapanda gari kwenda Hasamba, nilimpigia Eda. Nilimwomba asikwambie. Akanijibu, "Kaka, simwambii. Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye utakayesema." Huenda sasa hivi, ninapoandika, umeshamuuliza. Huenda unarudi unajua tayari, na barua hii imekwishachelewa kama nilivyochelewa siku zile. Kama ndivyo, isome hivyohivyo. Angalau ujue kwamba nilikuwa naiandika.

Kuhusu insha. Sikwambii ufanye nini, nimepoteza haki hiyo. Alama zako ni zako, ulizipata kwa kichwa chako na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Wafadhili watasemaje ukiibadilisha, sijui. Inawezekana watasema binti huyu ni mkweli, inawezekana watanuna. Ninachokijua ni kwamba nilimwandika mama yako mara tatu, kwa maombi, kwa ushuhuda na kwa wasifu, na mara zote tatu nilipata nilichokitaka kwa watu, na mara zote tatu yeye alibaki peke yake zaidi ya alivyokuwa kabla sijaandika. Maombi yalimvua nguo. Ushuhuda ulimnyima dawa. Wasifu ulimnyang'anya mtoto. Na hakuna mtu aliyenishtukia, kwa sababu niliandika vizuri. Hata miguu ile niliyoianza nayo, ilikuwa kweli miguu yake, ilimuuma usiku kucha, na mimi badala ya kuikanda nilikuwa nawaza itasomekaje.

Wewe unaandika vizuri kuliko mimi. Naliogopa hilo, na najivunia, vyote kwa pamoja. Mama yako, kabla hajaugua, alikuwa anakanda miguu ya watu wenye maumivu. Nakuombea mikono yake iwe na nguvu ndani yako kuliko kalamu yangu.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche ndani ya begi, chini ya mashuka, uikute umeshafika huko na mimi niko mbali. Nilishafungua hadi zipu. Halafu nikajiona. Barua inayosomwa mwandishi akiwa hayupo, msomaji hana wa kumuuliza, nguo zinanukia nyumbani, machozi yanamtoka ugenini. Hayo yote nimeyajua bila kufundishwa, na ningeyafaidi. Kwa hiyo hapana. Ukirudi nitakupa mkononi kabla hujavua viatu, kungali na mwanga. Nitakaa uani. Ukitaka kunitukana nitakuwepo. Ukitaka kulala kwa shangazi yako leo, nitakuletea begi stendi alfajiri, nitalikabidhi kwa kondakta na kukaa pembeni. Basi usilikose. Hasira zako panda nazo, zina haki ya kiti.

Sikuombi msamaha humu ndani. Naijua njia ya kuliandika ombi la msamaha hata jiwe likalegea, na ndiyo sababu siliandiki.

Lililobaki ni la mama yako, nakurudishia kama nilivyopewa na Eda, bila kuongeza mkato. Jumapili ile, kama saa tano, mlango wa mbele ulisukumwa na upepo. Mama yako akafumbua macho akauliza, "Amekuja?" Eda akamwambia, "Anakuja, wifi." Akasubiri tena kidogo, akiwa ametazama mlangoni, akafa.

Hakukataa. Hakusema habari ya mtihani, hakusema atasubiri, ingawa alisubiri. Nimekufanya uamini miaka mitatu kwamba mama yako aliweza kufa bila wewe. Hakuweza. Uliitwa, Yusta. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na asubuhi ya Jumapili, kwa jina lako, uliitwa.

Baba yako